Umeme Uliobaki

Ofisi yetu ya Kilwa Masoko ina mita moja ya luku, na uniti huingizwa mara moja kwa mwezi. Zikiisha, zimeisha. Mnakaa na joto lenu, mnasubiri mwezi uandame. Zamani sikujali. Nilianza kujali mama alipohamia kwangu kutoka Tingi akiwa na kisukari, nami nikazificha chupa zake za insulini kwenye friji la ofisi, nyuma ya maji ya wageni, ndani ya kopo la siagi.

Nyumbani sina friji. Nesi alinielekeza chupa inayotumika niiweke kwenye mtungi mdogo uliozungushiwa mchanga wenye maji, na nikafanya hivyo. Zile za akiba ndizo zilizotaka baridi ya kweli. Mama aliniapisha nisimwambie mtu, maana kwake yeye ugonjwa ukiutaja umeukaribisha. Nilimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu, "Basi kiniumbue nikiwa nimeshafunikwa."

Niliyemwambia ni mkuu wa ofisi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyetaka kulizima friji. Uniti hazikuwa zikifika mwisho wa mwezi, naye akaamua friji litangulie, kwa hoja kwamba maji ya moto hayajawahi kumuua mgeni. Nikamfuata chumbani kwake, nikamweleza. Akauliza kama kuna njia nyingine. Nikasema kompyuta. Zilikuwa zinawaka kutwa nzima, wenyewe wako kwenye chai, sokoni, msikitini.

Nikapita meza kwa meza. Skrini nikaziweka zizime baada ya dakika chache bila kuguswa, na mashine yenyewe ilale baada ya hapo. Mwanga nikaupunguza. Kazi ilikuwa ya mchana mmoja, wala haikuhitaji fundi. Nilichosahau ni kwamba kwetu skrini nyeusi ni ushahidi. Mkubwa akipita akakuta giza mbele yako, hata kama unapanga mafaili kwa mikono yako miwili, wewe hufanyi kazi.

Basi watu wakaanza ujanja. Mmoja aliegesha funguo zake juu ya kibodi, akarudi kutoka kwenye chai akakuta kurasa na kurasa za herufi moja. Lakini mzee wa masijala aliwapita wote. Aliifunga mausi kwa uzi kwenye shingo ya feni ya mezani, ile inayogeuka huku na huku. Feni ikienda kulia, mausi inaburuzwa. Ikirudi, inarudi nayo. Kompyuta yake haikusinzia hata kidogo.

"Shikamoo mzee. Huu uzi huu?"

"Marahaba mwanangu. Nyinyi mna vyeti vyenu. Mimi wakinikuta na giza watasema babu kalala, astaafishwe."

Ningemwambia sababu, angeukata uzi palepale. Nilikuwa nimeapa, nikanyamaza. Akaenda zake mapumziko ya Idd akiacha feni na mausi vinazunguka.

Tuliporudi, luku ilikuwa imekata. Wenzangu waliuliza soda zao. Mimi nilichukua lile kopo, lilikuwa na joto la mkono, nikalipeleka kwa nesi. Akazigeuzageuza zile chupa, akasema haziaminiki tena. Nikapanda basi kwenda Lindi kutafuta nyingine, nikazipata. Mama hakukosa sindano hata moja, na nalisema hili wazi ili asije mtu akambebesha mzee wa watu mzigo usio wake. Hasira lakini nilikuwa nayo. Kila asubuhi nilimwamkia kwa adabu na meno yangu yameumana, na kila jioni akishatoka niliifungua mausi yake, nikazima feni. Asubuhi aliifunga tena bila kuuliza. Tukaishi hivyo, na friji likabaki na baridi.

Mama alifariki kwa kidonda cha mguu, kilichoanza kama mchubuko wa kandambili. Tukamzika Tingi. Watu walisema nimejikaza. Sikujikaza, hapakuwa na kitu cha kukaza. Nilipokea pole, nikala wali wa hitima, nikaona una chumvi ya kutosha, nikarudi kazini.

Siku hiyo nilipeleka chupa zilizobaki hospitali, kisha nikachomoa waya wa friji. Hakuna aliyeuliza. Kule mazikoni mkuu alikuwa amewasimulia. Mzee wa masijala alikuwa ameuondoa uzi wake, ameketi mbele ya skrini nyeusi, mikono mapajani, kama anaogopa hata kuiamsha.

"Mwanangu, ungesema."

"Aliniapisha, mzee."

"Tungekaa hata gizani sisi."

Nilijua anasema kweli. Nilitazama macho yake yakilowa, nikasubiri yangu nayo yafanye hivyo. Hayakufanya. Nikamshukuru, nikaenda kwenye meza yangu.

Mwisho wa mwezi akaja mkubwa kutoka Lindi. Alisimama chini ya mita akabonyeza, akabonyeza tena, hakuamini: uniti zilikuwa zimebaki nyingi, jambo ambalo ofisi ile haikuwahi kuliona. Tukaitwa kikaoni. Akasema haya ndiyo matunda ya kompyuta kulala, na ofisi nyingine zije zijifunze kwetu. Akauliza ni nani aliyeifanya kazi ile. Mkuu wetu akainamia meza. Mzee wa masijala akafunika uso kwa kofia yake. Mkubwa akaona ni haya za watu wa pwani, akarudia swali lake huku anatabasamu. Nikasimama. Wakanipigia makofi, nami nikasema asanteni.