Mnyapara wa Aya Thelathini

Mzee Ernesti ni mtani wangu, kwa hiyo mkisikia namsema vibaya msinihukumu. Kibali nilipewa na mababu. Mimi Elizabeti ni Mbondei wa Muheza. Yeye ni Mnyamwezi aliyezaliwa kambini, babake alitoka Tabora kuja kukata mkonge akasahau njia ya kurudi. Kati ya makabila yetu hakuna kununa. Siku tulipomzika mkewe, marehemu Ruthi, nilivaa koti la Ernesti nikapita katikati ya waombolezaji nikiwahesabu na kuwakaripia waliochelewa, na wa kwanza kucheka alikuwa Ernesti mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa unyapara. Miaka thelathini na mmoja alisimama shambani kusimamia wakataji: majani thelathini, funga mzigo; majani thelathini, funga mzigo. Alistaafu akajenga hapa Pongwe, lakini unyapara wenyewe haukustaafu. Kuku wake wanalala saa kumi na mbili kamili, na jogoo akichelewa kuwika anaulizwa sababu.

Sasa mwaka jana Mchungaji Nehemia alisimama kanisani akatangaza jambo jema kabisa. Alisema watoto wetu wadogo wanawajua wachezaji mpira wote wa nchi hii, lakini Daudi hawamjui. Basi kila familia itenge jioni moja katika wiki, baba, mama na watoto wafungue Biblia pamoja, waulizane, waimbe, wacheke. Alihitaji mtu wa kuzungukia nyumba, awasaidie wazazi wasiojua pa kuanzia. Kabla hajafika kwenye "mwenye moyo wa kujitolea", Ernesti alishasimama. Mchungaji akaangaza macho huku na huku akitafuta mkono mwingine. Haukuwepo. Sisi wengine tulikuwa tunatazama viatu vyetu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Jumatatu Ernesti akashuka mjini Ngamiani, dukani kwa Imtiaz, kununua daftari na filimbi.

"Mzee, umefungua timu?" Imtiaz akamuuliza.

"Nimefungua familia," akajibu, na hakuwa anatania.

Jioni tulisikia filimbi getini, na hapo hapo mikutano ya familia ilianza, tutake tusitake. Kwanza mahudhurio. Kisha watoto wanapangwa kwa urefu, mfupi mbele. Baba anasoma, mama ananyamazisha. Aya ni thelathini kwa jioni, kwa sababu mzigo ni thelathini, iwe Mungu anaumba nyota au ni zile sura ambazo mtu anamzaa mtu aliyemzaa mtu. Aya ya thelathini ikiisha, funga, hata kama Nuhu mguu mmoja uko ndani ya safina na mwingine nje. Nyumba moja mtoto wa miaka minne aliuliza kama yule nyoka wa Edeni alikuwa na meno. Ernesti akamwambia maswali yatapokelewa mwisho. Mwisho ulipofika mtoto alikuwa amelala, baba amelala, na aliyebaki macho ni mbuzi.

Wiki ya nne watu wakaanza kumkimbia. Kuna aliyekuwa anahamishia familia nzima Tongoni kwa shemeji yake kila Jumatano. Kuna mwingine alizima taa akakaa gizani na watoto wanne, wamezibana vinywa, mpaka filimbi ikapita. Huyo mwingine simtaji, ila wajukuu ninaoishi nao ni wanne.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu, kama si Blessing. Blessing ni mtoto wa Mathew, na Mathew ndiye mtoto pekee wa Ernesti. Blessing ana miaka mitano. Tangu Ruthi afariki, mtoto huyo ndiye aliyekuwa anamfanya mzee atoke kitandani asubuhi. Sasa ikawa akisikia filimbi, Blessing anaingia chini ya kitanda chake na kulia mpaka anashikwa na kwikwi. Mara ya tatu Mathew akamngojea babake getini.

"Shikamoo, baba. Ukija kwa chai karibu, ukija kwa ugali karibu. Biblia yako na filimbi viishie hapa. Mtoto sasa akiona kitabu cheusi chochote analia."

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Filimbi haikulia. Nilichungulia nikamkuta amekaa barazani ameinamisha kichwa.

"Mbondei," akasema, "naingia nyumba ishirini za watu, kwa mjukuu wangu nimekatazwa."

"Mganga hajigangi," nikamwambia.

Hakucheka. Hapo nikaogopa, maana mtani asiyecheka ni mgonjwa.

"Akishakuwa mkubwa," akasema, "kila akisikia neno la Mungu atanikumbuka mimi nimesimama mlangoni, na yeye yuko uvunguni analia. Linaniuma, Elizabeti. Linaniuma sana."

Miaka yote ile hajawahi kuniita kwa jina langu. Nikamhurumia, na mimi huruma ikinishika huwa mkali. Nikawaita wajukuu wangu wanne, nikamwamuru asome habari za Nuhu. Akaanza kwa ile sauti yake ya shambani. Aya ya tatu nikamkatiza.

"Ishia hapo! Wanangu, huyu Nuhu alikuwa Mnyamwezi. Nani mwingine angeweza kuunda meli porini, bahari yenyewe hajawahi kuiona?"

Watoto wakaangua kicheko. Ernesti akavimbisha mashavu. Mtu mwingine angekuwa ameshafukuzwa kwa kukatiza Neno, lakini mimi angenifanya nini? Mtani hakasirikiwi, mtani anajibiwa. Akahangaika, akakohoa, mwisho utani ukamshinda.

"Na wale waliobaki nje," akasema taratibu, "waliokuwa wanasema mvua hainyeshi, walikuwa Wabondei. Wamekaa chini ya michungwa yao ya Muheza wanamenya machungwa."

Wajukuu zangu, damu yangu mwenyewe, wakajibwaga chini kwa kunicheka. Kisha maswali yakaja kama mchwa wa masika. Tembo aliingiaje? Simba alikula nini? Mavi yao nani alizoa? Ernesti akajikuta anajibu. Akajikuta amesimama, mkono ni mkonga wa tembo. Ilipita saa nzima, na alipotazama kitabu akashtuka.

"Aya tatu tu!"

"Na hakuna aliyelala," nikamwambia. "Sasa nisikilize, Mnyamwezi. Mimi ni mtani wako wa kabila, lakini mjukuu ni mtani wako kabla yangu. Babu na mjukuu wanataniana tangu dunia ianze. Wewe wa kwako umemwandikisha kukata mkonge."

Aliondoka bila kuaga. Nikajua limemwingia.

Jumamosi alasiri namwona Anastazia, mke wa Mathew, anakuja mbio, amejifunika kanga mpaka machoni.

"Mama Elizabeti, shikamoo, njoo upesi. Baba amekwama!"

"Amekwama wapi?"

"Uvunguni, kitanda cha Blessing. Na mimi siwezi kumshika, ni baba mkwe! Hata miguu yenyewe nimeiona kwa bahati mbaya."

Njiani akanieleza. Mzee alikuja mikono mitupu, bila filimbi, bila kitabu. Blessing alipomwona akapiga mbizi uvunguni kama kawaida yake. Mzee akapiga magoti akabisha hodi. Mtoto akauliza, umekuja kusoma? Akajibu hapana, nimekuja kujificha. Mungu amenituma Ninawi na mimi sitaki kwenda. Ninawi ni wapi? Ni mbali, kupita Korogwe. Basi mtoto akasogea kumpa nafasi, na mzee akajiingiza, tumbo lote lile, akamsimulia habari za Yona kutoka humo humo gizani, mawimbi na samaki na yote, mpaka Anastazia aliyekuwa jikoni akaunguza vitunguu. Samaki alipomtapika Yona, Blessing aliteleza akatoka. Mzee hakutoka. Koti lilikuwa limenaswa na msumari wa chaga.

Nilipoingia nilikuta miguu miwili na soksi moja imetoboka. Juu ya kitanda amekaa Blessing, mikono kiunoni.

"Mnyamwezi," nikasema, "umehamia?"

"Mbondei, acha maneno, nivute."

"Bibi, usimvute!" Blessing akapaza sauti. "Samaki hamtapiki mpaka aombe. Babu kasema mwenyewe."

Nikaiachia miguu. Sheria ni sheria. Kutoka chini ikaanza sala ndefu ya kanisani, yenye enzi na utukufu na vizazi hata vizazi. Mtoto akatikisa kichwa.

"Hiyo ya Jumapili. Sema ya tumboni."

Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kanga, kicheko kinanipasua mbavu. Kisha sauti ikatoka, ndogo, sikuijua.

"Mungu, nimemtisha mtoto huyu. Nilitaka akupende, nikamfanya anikimbie mimi na wewe pia. Nisamehe. Na yeye anisamehe."

Kicheko chote kiliniisha. Sioni aibu kusema kwamba nililia.

Blessing alifikiri kidogo. "Haya," akasema. "Samaki, mtapike."

Mkono wa mtu ukapita karibu yangu, ukashika ubao wa kitanda na kukiinua upande mmoja. Alikuwa Mathew. Sijui alisimama mlangoni tangu saa ngapi. Ernesti akatoka kinyumenyume, vumbi kichwa kizima, akaketi sakafuni akihema, na koti limepasuka mgongoni. Mathew akashusha kitanda taratibu.

"Baba," akasema, wala hakuwa na hasira, "na mimi nilikuwa najificha uvunguni. Kule kambini, kila jioni ukirudi na ile sauti. Hukuwahi kuingia."

Ernesti akamtazama mwanawe, mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

"Nilidhani mama yako amekutuma dukani," akasema.

"Kila siku?"

Mzee akaanza kujipangusa vumbi magotini. Blessing akashuka kitandani, akamshika babake mkono.

"Baba, ingia. Babu anaanza upya."

Mathew akavua viatu. Akalala chali, akajisukuma uvunguni, mtu wa futi sita, magoti yakabaki nje. Blessing akamfuata. Ernesti, kwa sababu ya mgongo, alibaki sakafuni, shavu kwenye saruji, mdomo ukielekea gizani, akaanza tangu pale Mungu alipomwita Yona. Anastazia amesimama ukumbini nyuma ya pazia, nami nimeegemea mlango, tunasikiliza. Mnyamwezi yule alisimulia vizuri siku ile kuliko mchungaji yeyote niliyewahi kumsikia, na hilo nitakufa nalo, simwambii.