Niliisifia Migahawa ya Dar Nikiwa Jikoni kwa Mama

Msomaji mwenzangu, kama una chai mkononi iweke chini kwanza, isije ikakupalia. Kosa ni langu. Si la shetani, si la ujana, si la serikali. Mimi ndiye niliyesifia migahawa mitano ya Dar es Salaam, mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko mzuri kabisa, wakati Dar es Salaam yenyewe nilikuwa sijawahi kuiona hata kwa mbali!

Na kuna mtu aliniamini. Hapo ndipo kicheko changu kinapokatika.

Jina silitaji. Wa Lushoto mtanijua tu, maana mtu wa aina yangu hayupo mwingine milimani: nyumba yetu ikihamishwa, nitakutwa nimekaa palepale ilipokuwa. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walishuka mlima kuyatafuta maisha. Mimi nikabaki kuyasubiri yapande.

Na yakapanda, jamani! Si mnaijua miaka hii ya ruksa ya bidhaa za nje? Maduka yamejaa: pasi, blenda, majiko ya mafuta, pampu za kupulizia dawa. Kila katoni ina karatasi ya maelekezo, na kila karatasi ni Kiingereza kitupu. Mama Tatu, mfanyabiashara mmoja wa Tanga, alichoka na wateja wake. Mmoja alimrudishia chupa ya chai akilalamika kwamba ameiweka mezani kutwa nzima na haijachemsha hata kikombe kimoja! Ndipo akatafuta watu wa kumwekea maelekezo hayo kwa Kiswahili.

Akatupata wawili. Mimi, na msichana niliyesoma naye, ambaye hapa nitamwita Salome. Salome anaishi Bulwa, kwenye mashamba ya chai. Wazazi wake walitoka kusini kuja kuchuma chai huko, na yeye alikuwa anachuma asubuhi, mchana anatafsiri. Karatasi zilitufikia kwa basi, zikarudi Tanga kwa basi. Hakuna bosi wa kukuangalia, hakuna ofisi. Raha gani hiyo!

Ofisi yangu ilikuwa jikoni kwa mama, pembeni ya mafiga. Baridi ya kwetu mwezi wa saba, chai inapoa kabla hujamaliza sentensi. Siku moja nilikuwa naandika, "Hifadhi mahali pa baridi na pakavu," kalamu ikasita. Nikamuuliza mama, hivi kwetu kuna mahali kama hapo?

"Pa baridi papo," akasema. "Pakavu kaulize Mombo, huko chini bondeni."

Mimi na Salome tulikuwa tunaulizana maneno kwa barua. Yeye plagi ameiitaje, mimi kamba ya umeme nimeiitaje. Mwisho nikawa namuuliza maneno niliyokuwa nayajua. Mwenye akili ameshanielewa.

Basi ikaja barua ya Mama Tatu. Biashara inahamia Dar, mzigo sasa unashukia huko, ofisi bado hajapata na stoo imejaa makatoni hadi darini. "Mwanangu," akaniandikia, "nenda wiki moja. Nitafutie migahawa mizuri ambayo mtu anaweza kukaa na karatasi zake kutwa bila kufukuzwa. Niandikie orodha. Mwezi ujao nitampeleka Salome kumjaribu. Akimaliza karatasi za mzigo wote kwa wiki moja, kazi ya kudumu ni yake." Ndani ya bahasha kulikuwa na tiketi ya basi.

Niwaambie kazi hiyo ilikuwa na maana gani kwa Salome. Mama yake ana mgongo unaomuuma na bado anabeba kikapu cha chai kila siku. Salome aliwahi kuniandikia, "Nikipata kazi ya kalamu, kile kikapu nitakitia moto kwa mkono wangu." Nilikuwa nayajua hayo. Sikuwa mjinga, nilikuwa mvivu.

Nikafunga safari. Nikavaa sweta mbili, nikashuka zile kona zote hadi Mombo, nikakaa chini ya kibanda kusubiri basi la Dar. Lo! Joto la Mombo lilinikumbatia kama shangazi ambaye hajaniona miaka. Nikavua sweta ya kwanza. Nikavua ya pili. Nikabaki natafuta cha kuvua kingine bila kuvunja sheria.

Mama mmoja muuza machungwa akanitazama, akanicheka. "Mtoto wa milimani, unakwenda wapi?"

"Dar, mama."

"Na hapa unatoka jasho hivyo? Hapa si kuna baridi! Subiri ufike Dar."

Msomaji, nilipanda gari la kwanza lililokuwa linarudi Lushoto.

Nilipoingia jikoni, mama alikuwa bado anachochea moto wa maharage aliyoyabandika asubuhi nikimuaga. Akaanza kucheka, akahamia kwenye Kishambaa, maana mama akinicheka kwa dhati Kiswahili hakimtoshi. Kwa ufupi alisema: Dar siku hizi imesogea sana, mtu anakwenda na kurudi maharage hayajaiva.

Ningemwandikia Mama Tatu ukweli siku hiyohiyo, yangekwisha. Nikaona aibu. Nikakaa ndani wiki nzima, kisha nikachukua kalamu nikaitunga Dar yangu mwenyewe.

Mitaa niliisikia redioni. Migahawa nikaizua. Mnisamehe, lakini niliandika vizuri! "Mgahawa wa kwanza: meza ya pembeni haifikiwi na upepo wa mlangoni, na jiko la mkaa liko chini yake, unaota miguu huku unaandika. Wa pili: wana chai ya tangawizi ya kukutoa baridi kifuani. Wa tatu: ukungu ukishuka, wanafunga madirisha na kuwasha taa mapema. Wa nne: ukuta wa nyuma umepakana na jiko, ukiegemea mgongo unapata moto. Wa tano: kuna joto zuri, tena la uhakika."

Huo wa tano ndio ulikuwa na ukweli peke yake katika barua nzima!

Mnacheka? Mimi sikucheka, kwa sababu sikuona kosa. Kwetu mgahawa mzuri ni ule wenye moto, basi. Mama Tatu, mtu wa pwani, angeisoma barua ile mstari mmoja tu, uongo wangu ungefia Tanga. Hakuisoma. Aliitia kwenye bahasha nyingine akaituma Bulwa. Na Bulwa nako ni mvua na ukungu. Salome aliisoma, akakubali kila neno, akafungasha sweta na soksi nzito.

Ndiyo, soksi nzito. Za kwenda nazo Dar es Salaam.

Mwezi uliofuata akaenda. Alirudi baada ya siku kumi, na hakuishia Bulwa. Alikuja moja kwa moja hadi kwetu, siku ya soko, jua limechomoza. Nilimwona anapanda kilima na sweta mkononi. Nikadhani amekuja kunishukuru, nikakimbia kubadili shati!

Akaingia jikoni, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Joto, mama." Kisha akanigeukia mimi. "Habari za Dar, wewe bwana?"

"Nzuri tu," nikasema, na Mungu ananiona. "Ila kule joto kidogo linasumbua."

"Joto?" Akaitoa ile orodha, imekunjwakunjwa na ina alama za jasho. "Mbona hapa chini ya meza kuna jiko la mkaa?"

Aliyejibu ni mama, bila kuacha kumenya viazi. "Dar? Huyu? Mwanangu, huyu aliishia Mombo."

Salome hakupaza sauti. Afadhali angepaza! Alisimulia polepole, kama mtu anayesoma maelekezo ya pasi. Siku mbili nzima aliitafuta migahawa yangu. Aliuliza kijiwe kimoja, wapi kuna mgahawa wa kuota moto, wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. "Dada, umetokea Ulaya?" Siku ya tatu akaanza kuingia popote. Kila alipomaliza kikombe na kutandaza karatasi, mhudumu alikuja na swali lilelile: "Dada, unasubiri mtu?" Maana yake, simama uende zako. Alimalizia kuandika juu ya katoni, nje ya stoo, juani. Wiki ilipokwisha nusu ya mzigo ilikuwa bado. Mama Tatu akampa kazi kijana wa palepale mjini.

"Kikapu bado kipo," akasema. "Mama yangu amekibeba leo asubuhi."

Akaiweka sweta yake mapajani mwangu. "Chukua. Wewe ndiye unayesikia baridi."

Akamuaga mama kwa adabu zote, akashuka kilima. Barua zangu tatu zilizofuata hazikujibiwa. Hata ile niliyouliza neno nisilolijua kweli!

Mama naye alinigomea. Alinipakulia chakula, lakini utani wote ulikwisha, na nyumba ya mama asiyenitania si ile ninayoing'ang'ania. Siku ya nne nikashuka mwenyewe hadi Tanga, dukani kwa Mama Tatu. Nikamwamkia, nikaeleza yote, nikamkariria na orodha. Alicheka mpaka akakalia katoni. Kisha akaacha ghafla.

"Umenichekesha, lakini umemharibia mtoto wa watu. Sasa sikia. Huyo kijana wa mjini nimempa kazi hadi mzigo unaofuata tu. Nenda Dar kweli. Niletee mgahawa mmoja. Sitaki mitano! Ukiupata, namjaribu Salome tena. Usipoupata, kwaherini nyote wawili."

Safari hii Mombo nilipita nimefumba macho.

Nisiwafiche, Dar imeninyoosha. Siku ya kwanza niliingia mgahawa mmoja nikafanya kama tunavyofanya kwetu: nikawaamkia wazee wote waliokuwamo, meza kwa meza, shikamoo, shikamoo. Nilipomaliza, viti vyote vimekaliwa! Mgahawa mwingine mhudumu alinifutia meza mara tatu, ya tatu akanifuta na kiwiko. Kwingine spika ya taarabu ilikuwa juu ya kichwa changu, nikaja kugundua kwenye karatasi ya blenda nimeandika, "Chomeka mapenzi ukutani, kisha bonyeza kitufe chekundu." Kila mahali, kikombe kikiisha tu: "Kaka, unasubiri mtu?" Kila nilipoulizwa nilimwona Salome anakusanya karatasi zake.

Siku ya sita nikaupata. Uko Kariakoo, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa. Mwenye mgahawa ni mzee aliyestaafu ukarani. Aliponiona nimetandaza karatasi, nikajiandaa kunyanyuka. Akasema, "Kaa, kijana. Nina muda sijaona mtu anaandika kitu kisicho bili." Meza ya tatu kutoka mlangoni. Kiti hakiyumbi. Feni inazunguka kweli, hadi karatasi nazikandamiza kwa matunda ya peasi aliyonifungashia mama. Nilikaa hapo siku nne, asubuhi hadi jioni, kwa chai mbili na maandazi. Nimehakikisha mwenyewe, kwa makalio yangu!

Nikamwandikia Mama Tatu, ameridhika. Amemwita Salome. Salome amejibu kwamba hasogei Dar kwa maneno yaliyotoka kwenye kalamu yangu, hata Mama Tatu akiyarudia yeye. Na ana haki.

Ndiyo sababu nimekuja kwenye ukurasa huu wa gazeti. Najua Salome huwa anawasomea wachumaji wenzake wakati wa mapumziko, wanacheka makosa ya watu. Leo mnacheka langu. Chekeni, ila akifika hapa mwambieni arudie aya ya mgahawa wa Kariakoo.

Nanyi wengine mnaopenda kukaa nyumbani kama mimi, nawasihi: kaeni! Si dhambi. Lakini usimwelekeze mtu njia ambayo hukuipita. Ukiulizwa, sema "sijafika." Neno moja tu, wala halitoi jasho. Mimi lilinishinda, na mama wa mtu bado ana kikapu mgongoni.

Mzigo unaofuata unashuka mwisho wa mwezi. Hadi siku hiyo nipo kwenye meza ya tatu, kila siku. Sasa hivi ninapoandika, mhudumu amekuja kuchukua vyombo, ameona nimeagiza vikombe viwili na kimoja hakijaguswa.

"Kaka," ameniuliza, "unasubiri mtu?"

Nimemwambia ndiyo.

Salome, huku chai haipoi haraka. Njoo, na usibebe sweta. Yako ninayo.