Kadi Zilizoitika za Mama Mabano

Kabla sijamsema shemeji yangu, naomba nijitaje mimi kwanza, maana wenzangu wa karakana ile ya miwani wengi wametangulia na sijui nani mwingine atanisifu. Msaga lenzi namba moja nilikuwa mimi. Jiwe likizunguka, maji yakichuruzika, niliweza kusikia kwa sikio tu kwamba kioo kimebakiza unywele mmoja kifike. Shule iliishia darasa la sita. Mimi nasema niliiacha, mwalimu alisema imeniacha, hatukuwahi kukubaliana.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Alianza pale kwetu kaunta ya mbele, kufuta alama za vidole kwenye miwani na kuwaambia wateja wamependeza, hata waliofanana na bundi. Siku moja bosi alinunua kompyuta, sanduku kubwa la maandishi ya kijani, halafu akaiogopa. Ilikaa miezi mitatu imefunikwa kitambaa cha meza, juu yake birika la chai. Aliyeondoa birika ni shemeji. Kumbe alikuwa amesoma mambo hayo mahali, kimyakimya, kwa mwalimu aliyemfundisha lugha moja ya ajabu ambayo kila kitu humo huwekwa ndani ya mabano, na mabano ndani ya mabano, kama vitunguu. Ndipo tukamwita Mama Mabano.

Nitawaeleza, msiogope, kama mimi nilielewa hata nyie mtaelewa. Katika lugha ile, anayekaa wa kwanza baada ya bano ndiye mtenda kazi. Wanaomfuata ni vitu anavyopewa avifanyie kazi. Shemeji alimtengeneza kila mteja awe mtenda kazi. Unaandika (fundi-saa fremu-nyeusi), mteja anaipokea fremu, na mashine inakutolea karatasi: lenzi hii isagwe hivi, ile ikatwe vile. Tulibandika amri hizo kwenye kila meza, ya kusagia, ya kukatia, ya kufungia. Raha tupu. Nilikuwa namwita mteja kwa vidole viwili, anaitika kama mtoto mwenye adabu.

Sasa huyo fundi saa alikuwa mtu kweli, jirani yetu ng'ambo ya barabara, na pua yake imelala upande tangu mpira ulipompiga ujanani. Miwani yake tuliitengeneza sisi. Baada ya wiki akarudi ameshika kichwa.

"Naona mishale miwili ya sekunde," akasema. "Mmoja wangu, mwingine sijui wa nani."

Bosi akaipima miwani. Vitovu vya lenzi havikukaa mbele ya macho ya mteja. Akatuita wote wawili mbele ya kompyuta.

"Nani?"

"Mikono hii haijawahi kukosea," nikasema, nikiionyesha. "Mashine ya shemeji imechanganya."

"Mashine haichanganyi, shem. Kilichochapwa ndicho kilichotoka."

"Basi nionyeshe kilichochapwa," bosi akasema.

Hapo shemeji akagusa vitufe, akaviacha. Hakuweza. Mteja wake ukimwita anaitika, lakini huwezi kumfungua ukaona ndani amebeba vipimo gani. Vilikuwa vimeshonewa humo. Bosi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Akasema Jumamosi fundi saa atapimwa upya. Kufikia hapo shemeji awe ameonyesha kilichomo ndani ya mashine yake. Akishindwa, mashine inarudi kwenye boksi na yeye anarudi kaunta na kitambaa cha kufutia miwani.

Ilikuwa Jumatano. Niliona alivyokitazama kitambaa kile. Nikataka kusema neno la kumtuliza, likanitoka la utani: "Utapendeza tena pale mbele, shem." Mke wangu aliponiuliza jioni nilichomwambia mdogo wake, nikamuuliza kama chakula kimeiva.

Alhamisi akawageuza wateja kuwa kadi. Kadi ina nafasi zake: jina, jicho la kulia, jicho la kushoto, aliyechapa. Unaifungua, unasoma kila kitu. Akafurahi, akaniita nijaribu kwenye meza yangu. Nikaandika kama kawaida, mteja mbele, fremu nyuma. Mashine ikajibu: HIKI SI CHA KUITWA.

Nilicheka mpaka nikakaa. Shemeji hakucheka. Kadi inafunguka, lakini haifanyi kazi. Ukiiweka ya kwanza baada ya bano ni sawa na kuiamrisha bahasha isimame. Ili itumike ilibidi abadilishe amri zote za meza zote, na Jumamosi inabisha hodi.

"Yule wa zamani anaitika, hafunguki," akasema. "Huyu anafunguka, haitiki."

"Si umuoze huyu kwa yule," nikamwambia.

Akanitazama. Mimi nilikuwa natania, nawaapia, lakini tangu siku ile nasema, na nitasema mpaka kaburini, kwamba wazo lilikuwa langu. Yeye husema alishalisoma kwenye kitabu cha mwalimu wake na mimi nilimpigia kelele tu. Msimsikilize.

Ijumaa nzima hakunywa chai. Alichofanya ni hiki: alipoitambulisha aina ile ya kadi kwa mashine, akaiwekea agizo. Kadi ya aina hii ikikutwa ya kwanza baada ya bano, usiikatae. Ichukue kadi yenyewe pamoja na kitu ilichopewa, uvikabidhi kwa kazi fulani. Kazi hiyo inaifungua kadi, inasoma vipimo, inatoa karatasi. Kadi ikabaki kadi, na ikaitwa kama mtenda kazi. Nikaandika ile amri yangu ya zamani, herufi kwa herufi. Ikaitika. Hakuna karatasi hata moja iliyobanduliwa mezani.

Jumamosi fundi saa akaja. Nikamkalisha kwenye kiti, nikakaa mbele yake goti kwa goti, nikaweka rula yangu ya kupimia kutoka katikati ya pua mpaka kila mboni. Nilipima kwa madaha, watu wanaangalia. Nikachapa mwenyewe.

"Kabla hujasaga," shemeji akasema taratibu, "tuifungue."

Ikafunguka. Jicho la kulia, milimita thelathini na tano. Jicho la kushoto, ishirini na nane. Aliyechapa: mimi.

Fundi saa akainamia kioo cha kompyuta, akaishika pua yake. "Jamani. Pua yangu imelalia kulia. Jicho lililo karibu nayo si ndilo la kulia? Huyo aliyeandikwa humo ni mimi nikiwa nimegeuzwa kama soksi."

Kosa lenyewe ni la siku ya kwanza kazini. Ukimkalia mteja uso kwa uso, jicho lililo upande wa mkono wako wa kulia ni lake la kushoto. Kila mwanagenzi huonywa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa kwenye jiwe, lakini kupima wateja nilikuwa nimekabidhiwa mwaka ule tu, na kwa kiburi sikutaka kuonywa. Nilitazama ile mikono yangu isiyokosea.

"Bosi," nikasema, "na ile ya kwanza nilipima mimi hivihivi."

Bosi akachukua kitambaa cha kaunta. Nikadhani ananipa mimi. Akafuta nacho vumbi la kompyuta, akakitia mfukoni mwake.

Jumatatu nilikuta aproni yangu imeshonewa viraka viwili vya maandishi. Upande wangu wa kulia: KUSHOTO KWAKE. Upande wa kushoto: KULIA KWAKE. Wateja walikuwa wananisoma kama gazeti. Niliivaa hivyo mpaka karakana ilipofungwa, na sasa pale wanauza vifuniko vya simu, hata harufu ya kioo kilicholowa haipo.

Siku ya kufunga niliomba nitengenezewe miwani ya mwisho. Nilijipima mwenyewe kwenye kioo cha ukutani, nikitii aproni yangu barabara, nikachapa. Shemeji akaifungua kadi yangu, akatazama, mabega yakaanza kumtikisika.

"Shem, kwenye kioo kulia ni kulia."

Akabadilisha nafasi mbili, akaandika bano, akaniita, nikaitika. Miwani hiyo ndiyo iliyo usoni mwangu ninapoandika haya. Yeye magoti yanamsumbua siku hizi, hatoki sana. Nikienda kumjulia hali huniambia nikae mbele yake, kisha ananiuliza jicho lake la kulia ni lipi. Mimi hutazama kwanza kifuani, aproni haipo, naye anacheka.