Mtani Aliyepanda Meli ya Hija

Je, kama ni mtoto wa dada yake kweli? Swali hilo liliniweka macho usiku kucha. Nilikuwa nimetoka shule juzijuzi na kupata kazi ya ukalimani mahakamani, na kila jambo nililigeuzageuza mpaka linichoshe.

Jirani yetu pale Kariakoo, mjane mwenye heshima zake, alikuwa anakwenda Hija. Binti aliyekuwa naye, alisema, ni mtoto wa dada yake, mzaliwa wa Bagamoyo. Tulimwamini, mpaka jioni ile bombani.

Nilikuwa namtania mchukuzi mmoja Mnyamwezi, maana sisi Wazaramo ni watani wao.

"Rudini kwenu, mnatumalizia maji!"

Kabla hajajibu, binti yule akadakia: "Nyamaza, Mzaramo wewe! Bila sisi nani angewabebea mizigo, wavivu wakubwa?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akaziba mdomo, macho yamemtoka. Nikamsogelea.

"Mtani, kwenu wapi?"

"Tabora. Usimwambie bibi! Alimwambia mama ananileta kujifunza kushona."

"Na Hija je?"

"Hija gani?"

Mahakamani nilishasikia habari hizo: mtoto anapelekwa kama hujaji, anauzwa ng'ambo, aliyempeleka anarudi peke yake. Lakini watoto wangapi hulelewa na wasiowazaa, bila ubaya wowote?

Usiku nilipomsimulia mama yangu, alikasirika. "Mwanangu, utamharibia mtu Hija yake kwa maneno ya utani?"

Asubuhi nilikwenda kumwuliza mjane mwenyewe. Nikakuta kufuli mlangoni. Meli iling'oa nanga alfajiri, wapangaji wakaniambia, na binti kaondoka naye.

Nikakatiza uwanja wa Mnazi Mmoja mbio hadi polisi ya bandarini. Mkuu wao, Mwingereza, akanisikiliza.

"Sheria yetu inaishia majini," akasema. "Huko meli inakopita, Unguja wana serikali yao, Aden wana yao. Mataifa yamekubaliana kusaidiana katika mambo haya, na nikiwapelekea simu ya waya watamshusha binti melini. Lakini sipeleki uvumi. Lazima mtu aape."

"Nikiwa nimekosea?"

"Utashitakiwa wewe."

Nikaiona kazi yangu ikiondoka. Nikamwona mama akipita mtaani ameinamisha kichwa. Kisha nikamwona binti akishuka melini, mahali ambapo hana hata mtani mmoja.

"Nipe Msahafu," nikasema.

Nikaweka mkono juu yake, nikaapa. Karani wa simu ya waya akaanza kugonga.