Sufuria ya Kwenda Kambi

Ijumaa nilikuwa dukani hapa Nakuru, nimesimama nyuma ya mpishi wa mzungu mmoja. Bwana wake alikuwa anakwenda kulala hemani kando ya ziwa, na mpishi alichagua vyombo kwa mbwembwe, akigonga kila sufuria kwa kidole ili asikie mlio wake.

"Tunaenda kambi," alimwambia mwenye duka kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Asubuhi mayai, mchana nyama ya mkebe, jioni supu. Nipe na karai ya kukaangia."

Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na magunia ya unga akainuka, akamshika mpishi mkono.

"Baba, kumbe huko kambi mnapika?"

"Tunapika sana, mama."

Uso wake ukachangamka. "Mtoto wangu alipakiwa kwenye lori la askari. Walisema anapelekwa kambi, na mimi sikumpa hata sufuria. Hebu nichagulie moja, wewe unajua."

Mpishi alitazama chini. "Mama, hiyo ni kambi ingine."

"Ingine namna gani?"

Mwenye duka akaanza kupanga viberiti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Sisi wa magazeti, ambao hatukosi maneno, tumezipa kambi zote mbili jina moja, ile ya hema na ile ya seng'enge ya kufungia watu, na mama wa watu ametuamini.

Mpishi alimchagulia sufuria. Aliigonga kwa kidole, polepole, kisha akaitafutia kifuniko.