Baba Mkwe na Bosi wa Mwisho

Wanaume wengi niliowaona wakicheza gemu wanapigana vibaya. Nasema hivyo bila kuona haya, maana nimewatazama tangu usichana wangu, siku zile biashara huria ilipoingia na Tukuyu ikajaa mitumba ya kila aina, runinga ndogo na mashine za gemu zilizochoka kabla hazijafika. Kwenye kibanda cha gemu mtaa wa Msasani, hapo hapo Tukuyu, sisi wasichana tuliruhusiwa kusimama nyuma ya benchi na kushangilia. Pedi, ile ya vitufe ya kuchezea, haikuwahi kufika mkononi mwangu. "Huyu atamuua steringi bure," walisema, huku steringi wao akifa mbele ya macho yetu, ameshindwa na bosi wa kwanza, adui mkubwa wa kufunga hatua, yule ambaye hata kuku angemkwepa.

Nilipoolewa na kuanza kazi ya cherehani, nilinunua mashine yangu mwenyewe pamoja na gemu ile ile. Niliimaliza, nikairudia, nikaimaliza tena. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, aliwaambia wageni kwamba bingwa ni yeye. Yeye ambaye hajavuka hata daraja la pili! Iliniuma. Nilitaka kitu kimoja tu: siku moja mtu aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba anayejua ni mimi.

Ndipo baba mkwe akaja kutoka Lupepo kutibiwa mguu. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mke hatazamani na baba mkwe wake. Haketi naye chumba kimoja, hamsemeshi, na wakikutana njiani anajibanza pembeni mpaka mzee apite. Wakristo wengi walikwisha kuiacha desturi hiyo, na majirani zangu walikula meza moja na wakwe zao. Wa kwangu alikuwa mzee wa kanisa na mlinzi wa mila kwa pamoja, akichagua kila asubuhi kipi kinamfaa. Basi yeye akakaa sebuleni na mashine yangu, nami nikahamia jikoni, nyuma ya pazia.

Mume wangu akamfundisha kucheza ili asichoke kukaa, na mzee akanogewa. Alianzia pale nilipokuwa nimeihifadhi gemu mimi, mlangoni kwa bosi wa mwisho. Kazi yote ya kufika hapo ilikuwa imekwisha kufanywa na mtu asiyetajwa.

Huyo bosi naye simheshimu. Ni jitu la mkuki, limevaa chuma mpaka masikioni, na kabla ya kupigana linahutubia kuliko diwani. Halafu lina ujinga wake: likikasirika linanguruma, linachoma mkuki ardhini, kisha linashindwa kuuchomoa. Hapo ndipo unabingirika kushoto, unalikata kwapani, unakimbia. Lakini lazima usubiri, na baba mkwe hakujua kusubiri. Alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja kama anapukuchua mahindi. Mimi nilikuwa naujua mlio wa kila pigo, kwa hiyo sikuhitaji kuona. Amekufa. Amekufa tena. Mtu mzima na mvi zake, anarudia kosa lile lile kutwa nzima na kulaumu vitufe.

Nikamtuma mume wangu. "Mwambie baba asubiri mkuki ukwame."

"Baba, subiri mkuki ukwame."

"Nani kasema?"

"Gemu inasema," akajibu yule mwalimu wa watoto wa watu.

Mume wangu alipokwenda kazini, uvumilivu ukaniishia. Kumsemesha mzee ni mwiko, lakini hakuna mila inayokataza kusema na birika. "Wewe birika," nikapaza sauti, "tulia. Usikate sasa. Bado. Bado. Haya, kushoto! Kwapani!" Nikasikia chuma kikilia. Mzee alikuwa amefuata kila neno. Tukaenda hivyo mpaka jitu likaanguka na muziki wa mwisho ukapigwa.

Nilidhani walau angekohoa kwa shukrani. Jioni nikamsikia akimwambia mwanawe, "Nimelimaliza mwenyewe." Mwenyewe! Nusura niangushe sufuria. Na kama hiyo haikutosha, akawaalika wazee wa rika lake waje Jumapili kushuhudia.

Walikuja baada ya ibada na makoti yao mazito. Hao nao, kwa kuwa ni rika la baba mkwe, ilinipasa kuwakwepa vilevile. Niliwapikia ndizi na nyama, mume wangu akawapelekea. Wakala, wakashiba, wakasema mzee aanze.

Jitu likahutubia. Mzee akalivamia kwa pupa, akafa. "Mashine imechoka," akasema. Akafa tena. "Pedi inateleza." Wenzake wakaanza kucheka chini chini. Akakohoa kuelekea jikoni. "Birika hilo," akasema kwa sauti, "mbona leo limenyamaza?"

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nachambua mchele, mkwe mwenye adabu kuliko wote wilayani Rungwe. Nilijua nikitamka neno moja tu mzee ataokoka, na mimi nitabaki nyuma ya pazia lile maisha yangu yote. Mume wangu akachungulia, uso umemsawijika.

"Msaidie baba, anaaibika."

"Gemu itamwambia," nikamjibu.

Sebuleni mzee akafa tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikasikia pedi ikiwekwa mezani, kisha baba mkwe akisema kwa Kinyakyusa, polepole, kama mtu anayemeza kidonge bila maji, "Jamani, mimi sijawahi kuliua hili. Aliyeliua ni mke wa mwanangu. Tutoke, tumpishe."

Wakatoka wote kwenye manyunyu. Wakajipanga nje chini ya ukingo wa bati, wameligeuzia dirisha mgongo, maji yakiwatiririkia mabegani. Nikaingia sebuleni kwangu. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Jitu likamaliza hotuba, likanguruma, likachoma mkuki. Nikasubiri. Nikalikata kwapani, nikakimbia, nikarudi, nikalikata tena, mpaka likapiga magoti na muziki wa mwisho ukapigwa.

"Limekufa?" mzee mmoja akauliza huko nje.

"Limekufa," akajibu baba mkwe. "Si nimewaambia ni yeye?"

Hakuna aliyegeuka. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta. Mvua ikazidi. Nilijua fika kwamba nikirudi jikoni wataweza kuingia. Nikanyoosha miguu, nikaegemea kiti, nikatazama majina yote ya waliotengeneza gemu yakipita kwenye runinga, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.