Jina la Kwenye Karte

"Fomu ya Ufuatiliaji wa Kiwango cha Usingizi, Kipengele cha Nne: Jibu la Mgonjwa Anapoitwa Jina." Ni karatasi ya utafiti wa dawa za usingizi, niliyoiona katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa Kolwezi nilipokwenda kumtazama shemeji yangu. Kitanda cha jirani kilikuwa na mchimbaji aliyeangukiwa na udongo. Dawa yake ya usingizi ilikuwa imekatwa tangu asubuhi. Muuguzi alimwita mara tatu jina la kwenye karte, kitambulisho chake cha kazi, kisha akaandika: hajibu.

"Mama, kama haitike tena, munganga atasema kichwa imeharibika," muuguzi alimwambia mke wa mchimbaji, akimaanisha daktari.

Mwanamke alikuwa kando ya kitanda, akikunja na kukunjua kitenge.

"Tata, ile jina haiko yake. Karte ni ya mukubwa yake, anaingiaka nayo ku mugodi. Usiandike, batamufukuza!"

Fomu ilikuwa na nafasi ya umri, uzito, hata dini. Ya mtu anayechimba kwa jina la kaka yake haikuwamo. Nimezoea kuyacheka makaratasi, lakini siku hiyo nilishindwa.

"Basi, muite weye," muuguzi alimwambia.

Mwanamke alimwinamia sikioni, akamwita jina la nyumbani kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa.

Mumewe alifumbua macho.